Dorothée Nizigama, Aliyeagiza Milango Ifunguliwe

Tarehe 30 Juni 2005, baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu cha sabuni hapa Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, Mama Dorothée Nizigama, mkuu wa mipango, anastaafu. Tunaandika kwa furaha, ingawa ofisi nzima inajiuliza sasa tutamwuliza nani.

Alifika mwaka 1977 akiwa na shahada ya uchumi na viatu virefu visivyofaa sakafu yenye mafuta. Siku ya kwanza aliteleza. Siku ya pili alikuja na kandambili, akasema huo ndio uamuzi wake wa kwanza wa kiuchumi.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba mnunuzi hupima bei na faida, kisha huchagua. Mama Dorothée alituongezea jambo: mnunuzi humpima pia jirani yake. Akidhani jirani atamaliza vyote, naye hukimbilia kununua hata asichokihitaji.

Septemba 1996 tulilishuhudia. Vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vimefunga mipaka, vita vimekata barabara iliyotuletea mawese ya kutengenezea sabuni. Uvumi ukaenea katika mtaa wa Jabe kwamba sabuni imekwisha. Kufikia saa tatu asubuhi mamia ya watu walikuwa wakisukuma lango la bohari yetu ya pale. Mama mmoja mjamzito alianguka, akainuliwa akilia. Meneja wetu, Bwana Sébastien, aliagiza lango lifungwe na askari waitwe. Miaka ile, sote tulijua kwamba askari wakikabili umati, risasi zingeweza kupigwa.

"Apana, patron," Mama Dorothée alimwambia. "Mutu ukimuficha kitu, anazania kimeisha. Fungua, waone yote."

"Na wakibeba yote?"

"Basi mi nimekosea. Kesho unifukuze."

Bwana Sébastien akampa funguo. Wapagazi wakatoa katoni zote nje, wakazipanga hadi usawa wa paa. Mama Dorothée akapanda juu ya meza, akapaza sauti: "Muangalie! Iko mingi! Na kesho tutafungua tena!"

Kelele zikapungua. Waliokuja na magunia wakachukua vipande viwili vitatu. Mchuuzi Mawazo, aliyedai katoni kumi, akautazama ule mlima, akacheka, akabeba moja. Saa kumi jioni nusu ya shehena ilikuwa ingalipo, na hakuna mwingine aliyeumia. Tulikumbatiana, tukaimba! Tangu siku hiyo bohari zetu zote huweka mali mbele ya macho ya wateja.

Mwezi uliopita uongozi ulimwomba aongeze miaka miwili. Alifikiri wiki nzima, akakataa. Dada yake anaishi Rumonge, na kwa miaka kumi hawakuweza kutembeleana bila kuhofia njia. Sasa mabasi yanapita. Amekwisha kukata tiketi ya tarehe mosi Julai, kiti cha mbele, karibu na dirisha.

Asante, Mama Dorothée. Uende salama, uishi kwa raha, na ukifika utusalimie dada.