Luteni Simioni Waitara na Kaburi Lililotangulia

Wachungaji, maafande wa jeshi, wakwe zetu mliovuka mpaka kutoka Migori, majirani wa Nyarero, na ninyi wa Nyakunguru niliowaona mkiwahi viti vya karibu na sufuria, familia imeniteua mimi mjomba wake nisome, kwa sababu sauti yangu haihitaji spika, basi tulieni.

Marehemu Luteni Simioni Kisyeri Waitara alizaliwa tarehe 12 Machi 1985 kijijini Nyakunguru, mtoto pekee wa Kisyeri Waitara na dada yetu Robi, miaka ambayo kila mwenye sururu alijiita tajiri. Baba yake alifukiwa ndani ya duara, yaani shimo la dhahabu, tarehe 3 Juni 1993, ndipo Robi akabeba mtoto na jembe akarudi kwetu hapa Nyarero, maana shemeji yake, Nyamohanga Waitara, alikuwa ameshasimama kwenye mdomo wa lile duara akiuliza ni nani anaendelea kuchimba.

Alisoma shule ya msingi hapa Nyarero kuanzia 1994 hadi 2000, kisha sekondari mjini Tarime akamaliza kidato cha sita mwaka 2007, na kila likizo baba yake mkubwa huyohuyo, Nyamohanga, alimwambia, "Wewe mura, kijana mzima unaogopa duara, hivyo vitabu vitakulisha nini?", na msemaji mwenyewe, ndugu waombolezaji, hadi leo akitaka kujua saa anauliza watoto.

Alijiunga na jeshi tarehe 2 Julai 2007, akasomea urubani wa helikopta, na mwaka 2012 akiwa safarini kikazi alipita juu ya Nyarero, chini kabisa, mpaka kuku wakasahau kutaga juma zima, na fundi mmoja wa baiskeli, simtaji, akadhani Yesu amerudi akaanza kurudishia watu vipuri vyao, ila Robi alisimama shambani akampungia mwanawe jembe, wala hakupepesa jicho.

Tarehe 15 Desemba 2012 alifunga ndoa na mwalimu Dorah Akinyi, wakajaliwa binti mmoja, Robi mdogo, tena akajenga nyumba hii mnayoiona, akasimika nguzo za zizi hapo mbele kwa mikono yake, akisema ng'ombe watafuata.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua, na wanaonong'ona kwamba alirogwa wameze chai yao, kwani tarehe 9 Agosti 2014, vitani katika nchi ya jirani, helikopta yake ilipigwa risasi ikiwa imebeba majeruhi, akaitua kwenye shamba la mihogo, majeruhi wakashushwa wakiwa hai, yeye, aliyepatwa na risasi, akafariki kesho yake hospitalini kambini.

Robi hakupewa hata nafasi ya kulia. Kutegesha mnakujua, mtu akisikia mgodi mkubwa utapanua eneo na kulipa fidia anasimamisha nyumba za mabati asizolala, anachomeka na miche iliyokwisha kukauka, lakini Nyamohanga ametegesha kaburi. Mwili ukiwa bado nchi ya watu, alichimba kwenye uwanja wake kule Nyakunguru, akahofia wathamini watatangulia kupita, akalifunika kwa saruji, akasimika msalaba wenye jina la mtoto wetu, na maafande walipokwenda kukagua mahali pa kuzika wakakuta pameshazikwa.

"Mzee, humu yumo nani?" aliuliza meja.

"Kijana wetu huyohuyo, afande."

"Kijana wenu anatua kesho kutwa."

"Basi akifika tutamfungulia."

Robi, aliyekuwa nyuma yao na leso mdomoni, aliitoa akasema, "Shemeji, mwanangu hutamzika ili aje afukuliwe," na Nyamohanga akajibu kwamba mwanamume huzikwa kwenye mji wake, yaani boma lenye ng'ombe, au wa baba yake, na Simioni hakuwa na mji, zizi lisilo na ng'ombe ni uzio wa kuanikia nguo, ndipo wazee wa ukoo wakasema watakuja hapa Nyarero asubuhi kujionea.

Jioni ile watu wa Nyarero, bila mmoja kumtuma mwenzake, walileta ng'ombe, huyu jike, yule jike na ndama wake, hadi zizi la Simioni likawa linalia. Mzee wa Kikurya anawajua ng'ombe kuliko wajukuu zake, hivyo mkubwa wa wazee alipofika mbele ya ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, ng'ombe wake mwenyewe, aliyeletwa na mkewe bila kumuaga, alimtazama, ng'ombe naye akamtazama, akageuka akasema, "Mama Simioni, ng'ombe tumewaona, mji huu ni wa mwanao."

"Lakini huyo si wako?" alifoka Nyamohanga.

"Hapa anayewajua ng'ombe ni mimi, Nyamohanga, kaa chini."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kambini, jeshi lililomrudisha kwa heshima, walimu wanaofundisha na Dorah, na majirani, ambao tunawaomba wasiswage ng'ombe wao mpaka udongo umalizike. Nyamohanga naye tunamkaribisha chakula, tena ashibe, ila akitoka hapa akafute jina letu kwenye ule msalaba.

Maneno ya mwisho ni ya Robi mwenyewe, ameniagiza niyatamke kama alivyoyasema: Simioni, hapa ni kwako, na hapa hapachimbwi. Pumzika kwa amani.