Choo cha Bwana Meneja na Kauli ya Kutendwa

Pale Mafinga, miaka miwili baada ya Malkia wa Uingereza kuvikwa taji, kulikuwa na benchi la mabanzi lililoegemea ukuta wa duka la Othmani, fundi cherehani. Mbele ya benchi alikaa Alawi, mtu wa Kilwa ambaye hakuna aliyejua upepo gani ulimtupa kwenye baridi ile. Aliuza kahawa huku amejifunga blanketi juu ya kanzu, na meno yake yaligongana kuliko vikombe vyake. Jumamosi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala barabarani Filemoni Kalinga alipotokea. Filemoni alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu ndicho kitu lori lake lilichokosa. Alifika, akaketi, hakusalimia. Na Mhehe akiketi bila kusalimia, ujue kuna jambo. Othmani alisimamisha gurudumu la cherehani.

— Nani amekufa? aliuliza.

— Choo, alijibu Filemoni.

Wakamngoja. Alawi akamtilia kahawa bila kuombwa, naye akaishika kwa mikono miwili, akaeleza. Jana jioni alipeleka mbao nyumbani kwa bwana meneja, Mzungu wa kiwanda, kule kilimani. Alisimamisha lori juu ya mteremko, akavuka njia kwenda kuonja ulanzi, pombe ya mianzi, kwa jirani. Kuonja tu. Hakuweka jiwe nyuma ya gurudumu, maana mtu anayeonja hakawii. Mara akasikia kishindo. Aliporudi lori halikuwapo juu. Lilikuwa chini, limetulia kama ng'ombe aliyelala, mahali palipokuwa na choo cha bwana meneja.

— Bwana mwenyewe? aliuliza Anyitike, Mnyakyusa mpasua mbao, ambaye kwa ukubwa wa mikono yake walimwita Msumeno.

— Yuko Iringa tangu juzi. Anarudi leo, kabla ya jua la utosi.

— Afadhali. Nilidhani alikuwa ndani.

— Angekuwa ndani nisingekuwa hapa, alisema Filemoni. Msumeno, nitamwambiaje? Nina mke, nina watoto, na kuendesha gari ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Hapo Liberatus akakohoa. Liberatus alikuwa karani wa magogo, na kwa sababu alisoma kwa mapadri mpaka aljebra, hesabu za herufi, zikamfukuza, kijiwe kizima kilimwita Gramma. Alikunja mguu juu ya mguu.

— Mwambie kwa Kiingereza, alisema. Lakini si Kiingereza chochote. Kiingereza kina kauli mbili, ya kutenda na ya kutendwa. Ukisema *I knocked down the latrine*, hiyo ni ya kutenda. Inaanza na "mimi." Mtu akianza na "mimi" mbele ya Mzungu, kesha kujifunga kamba mwenyewe.

— Na hiyo nyingine?

— *The latrine was knocked down.* Choo kiliangushwa. Sasa jitafute humo. Uko wapi?

Filemoni alijitafuta. Alianza mwanzo wa sentensi akaenda mpaka mwisho, hakujiona. Kwa mara ya kwanza tangu jana alihisi kahawa ikipata joto kifuani.

— Simo, alisema.

— Humo hata kidogo.

— Wazungu wana akili, alisema Othmani. Lakini hata wahenga wetu walilijua hilo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huvunjika, hawakusema huvunjwa. Maana yake guu lilijivunjia lenyewe, na huyo mkuu alikuwa zake nyumbani anakula.

— Kwa hiyo wahenga nao walijificha, alisema Anyitike.

— Ndiyo maana hatujui majina yao.

Liberatus akamfundisha Filemoni kutamka. Filemoni alisema *ze letrini woz nokdi dauni*, na kila aliporudia "dauni" aliinamisha kichwa, kama aliyepita chini ya kizingiti. Liberatus akamkataza kuinama. Akamweleza kwamba kauli hizo kwa Kiingereza zinaitwa *voice*, yaani sauti.

— Sauti? Anyitike akashtuka. Mbona hukusema mapema? Basi ya kutenda hutamkwa kwa nguvu, na ya kutendwa kwa kunong'ona. Breki, nong'ona.

Filemoni akanong'ona. Alawi akasema hivyo anafanana na mtu anayechongea, si anayeripoti. Liberatus akasema sauti ile si sauti hiyo. Anyitike akamwuliza ni sauti gani sasa ambayo si sauti, Liberatus akanywa kahawa.

— Tatizo ni mkia, alisema alipomaliza. Sentensi ya kutendwa huweza kuota mkia, *by* fulani, yaani *na* fulani. Mzungu anaweza kuuliza mkia uko wapi.

— Mpe mkia, alisema Anyitike. Choo kiliangushwa na lori. Lori la nani? Lake. Choo cha nani? Chake. Mali yake imegonga mali yake. Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, Breki, wewe yanakuhusu nini?

Othmani alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema hata hivyo yeye asingesema kiliangushwa. Angesema lori na choo vimegongana. Katika kugongana kila mmoja ana kosa lake, na ukitazama vizuri, choo ndicho kilichojengwa kwenye mteremko kikijua kuna malori. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Hiyo inaingiaje? aliuliza Filemoni.

— Ukuta si umeanguka?

Alawi aliweka birika chini. Yeye alioa mara tatu na kuachwa mara tatu, na mambo ya nani kamtenda nani alikuwa nayo moyoni.

— Nikuulize jambo, Gramma. Sisi mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja anatenda, mwingine anatendwa. Waingereza nao husemaje?

Liberatus alifikiri, na uso wake ukaonyesha kwamba hakuwahi kulifikiri hilo.

— Husema *John married Mary*. Na husema pia *Mary married John*.

— Mary naye anatenda?

— Ndivyo ilivyo kitabuni.

Alawi akachochea makaa.

— Kumbe ndiyo sababu wana malkia, alisema Alawi taratibu. Na huyo malkia alifanywa nini? Alivikwa taji. Hakujivika. Mnaona? Mdogo hutenda, mkubwa hutendwa. Mtumwa hubeba, sultani hubebwa. Tazameni matangazo ya bwana shauri pale bomani: imeamriwa kila mtu alipe kodi. Imeamriwa na nani? Mkia hakuna. Wamejitawalia dunia kwa sentensi zisizo na mkia. Mjerumani alipokuja alisema "mimi naamuru," kila mtu akajua wa kumpiga mshale. Mwingereza kaja kasema nchi hii nimekabidhiwa. Utampiga nani?

— Ee, alisema Anyitike. Kwa hiyo Breki akisema kwa kutendwa, anakuwa mkubwa.

— Anakuwa kama bwana shauri. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Zaidi ya Alawi hakuna aliyejua tezi wala omo za jahazi ni nini katika nchi isiyo na bahari, lakini wote waliitikia. Filemoni alijinyoosha mgongo. Aliiona kesho yake ikiwa na heshima. Pengine bwana meneja angemwomba radhi kwa choo kukaa njiani. Alirudia sentensi yake bila kuinama, na Liberatus akasema sasa imeiva, aende tu.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja, Sekela, na gunia lake la viazi, akingoja basi la Mbeya. Alikuwa na shuka begani na muda wote alikunywa kahawa yake polepole, kama mtu asiyesikia. Sasa aliweka kikombe chini.

— Samahanini, baba zangu. Huyo Mzungu wenu, Kiswahili hajui?

Filemoni alimgeukia.

— Anajua, mama. Yuko hapa tangu kabla ya vita. Hata Kihehe anajua. Matusi yote anatukana kwa Kihehe.

— Sasa Kiingereza ni cha nini?

Othmani alimtazama Liberatus. Liberatus alimtazama Anyitike. Anyitike aliitazama mikono yake mikubwa kana kwamba jibu lilikuwa limeshikwa humo. Alawi alitaka kuwatilia wote kahawa ili apate muda wa kufikiri, akainamisha birika, ikatoka tone moja jeusi na mvuke kidogo.

— Imekwisha, alisema.

Wakati huohuo gari la bwana meneja likatokea kwenye ukungu, likielekea kilimani. Halikupunguza mwendo njiapanda. Walimwona bwana mwenyewe ameinamia usukani, uso mwekundu, shingo mbele, magoti yamekaribiana.

— Njia ya Iringa ni ndefu, alisema Anyitike. Amebanwa.

Hakuna aliyeuliza amebanwa na nini.

Filemoni aliacha kikombe akatimua mbio. Alikata njia ya mkato katikati ya shamba la mahindi, *ze letrini* ikimruka kichwani kwa kila hatua, *woz* ikabaki kwenye mtaro, *nokdi dauni* ikaishia kwenye miiba. Alipofika juu hakuwa na neno hata moja la Kiingereza. Bwana meneja alikuwa ameshashuka, mlango wa gari wazi, anazunguka nyumba kwa hatua fupifupi za haraka. Filemoni akamkinga kwa mbele, mikono ameitandaza.

— Bwana, usiende. Hakipo. Nimekiangusha mimi, kwa lori. Nilikwenda kunywa ulanzi, sikuweka jiwe.

Bwana meneja alimtazama. Akautazama mteremko, na lori, na mbao za choo chake zilizotawanyika kwenye majani. Mdomo ulifunguka, na Filemoni akajiweka tayari kwa Kihehe. Lakini mwili wa bwana ulimkatiza.

— Kwako kipo? aliuliza.

— Kipo, bwana. Cha nyasi.

— Kiko wapi?

— Kule chini.

Paskalina, mke wa Filemoni, alikuwa anapepeta ulezi uani, ungo mkononi. Aliinua macho akaona wanaume wawili wanateremka kilima mbio, Mzungu na mume wake. Mara Mzungu alikuwa mbele, mara mume wake, na wote wawili wamekodoa macho.

— Filemoni, aliita. Unafukuza, au unafukuzwa?

Filemoni alinyoosha kidole kuelekea choo cha nyasi. Paskalina akausukuma mtungi wa maji pembeni kwa mguu, akawapisha wote wawili.