Masta Niliyoichagua kwa Sababu ya Nyumba ya Shangazi

Asalaam aleikum kwa wanaoitikia hivyo, na wengine pia amani iwe kwenu. Hapa Kasongo tumechanganyika. Nikisalimu upande mmoja tu, mama atanigombeza nyumbani. Wazazi, na ninyi mliomaliza masomo mwaka huu, nimeombwa niseme namna nilivyoipata kazi yangu. Nitaanza na namna nilivyoikosa, maana hiyo ndiyo sehemu ndefu.

Ninafanya kazi katika banki ya uwekezaji. Si banki ya kuweka akiba. Kampuni ikitaka kununua kampuni nyingine, sisi ndio tunaopima ile inayouzwa ina thamani gani, na tunawasaidia kufikia makubaliano. Niliisikia kazi hiyo nikiwa Kindu, nasoma ekonomi. Kampuni moja ya madini iliuzwa, wafanyakazi wakaamka wana bwana mpya, nami nikamuuliza profesa: nani alipanga bei? Akanieleza. Tangu siku ile sikutaka kazi nyingine.

Profesa akasema bila masta ya finansi, yaani shahada ya pili, tena ya Ulaya, nisahau. Nikaomba. Shule mbili zikanikubali na bursa ya kunilipia masomo. Ya kwanza ilikuwa Paris, miaka miwili, na staji ya lazima, yaani miezi ya kujifunza kazi ndani ya banki yenyewe. Ya pili ilikuwa mji mdogo wa Ubelgiji, mwaka mmoja. Tukakaa kwenye mkeka kuamua, wajomba wote wakaja. Hakuna aliyeuliza kinafundishwa nini. Baba aliuliza neno moja: "Paris utafikia kwa nani?"

Nikasema kule sina mutu.

"Na Ubelgiji?"

Ubelgiji kulikuwa na shangazi yangu. Kikao kikaisha hapo, chakula kikaletwa. Msicheke, nyote mngeamua vile vile! Kwetu mtu haendi hata Nyangwe kununua samaki kabla hajajua atalala kwa nani. Na mimi mwenyewe, ndugu zangu, nilifurahi. Niliona tumetumia akili.

Shule ile haikuwa mbaya. Ilitengeneza wakaguzi wa hesabu, na iliwatengeneza vizuri. Shangazi alinipokea kwa wali na sombe ya majani ya muhogo, akanipa chumba cha binti yake. Nilifika mwezi wa tisa. Mwezi wa pili, mwaka mpya umekwisha kuanza, nikaanza kuziandikia banki kuomba staji ya kiangazi, nikidhani nimewahi. Zilizojibu zilisema nafasi zilijaa tangu kabla ya Noeli. Moja ikaongeza kwamba wao huchukua kutoka shule chache wanazozijua, na yangu haimo. Nikawatafuta waliomaliza kabla yangu. Hata mmoja hakuwa katika kazi niliyoitaka. Hata mmoja!

Nikavunjika moyo. Niliacha kuingia darasani, mitihani nikaanguka, mwezi wa saba nikarudi Kasongo. Watu wakiniuliza, nasema niko vakansi, likizo tu. Vakansi ile ilichukua miezi mitano. Niliona haya kupita karibu na msikiti saa watu wanatoka, maana walikuwa wameniombea dua nikiondoka.

Baba hakunigombeza. Alinituma Wamaza na kaka yangu kutafuta mchele wa duka lake. Mvua ilikuwa imenyesha, tukapanda pikipiki mbili. Motari wangu, yule aliyeniendesha, kila akikutana na mtu anayetoka mbele, anasimama.

"Unatoka Wamaza?"

"Natoka."

"Daraja iko?"

"Ya kwanza iko. Ya pili imeanguka, pitia juu kwa mashamba."

Lakini tuliowakuta wamepumzika njiani, wanaoelekea Wamaza kama sisi, aliwasalimu tu na kupita. Nikamuuliza mbona hao hawaulizi. Akageuka kunitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Yaya, dada yangu, huyu naye hajafika. Ataniambia nini?"

Mpaka Wamaza nilikuwa nikiwahesabu wale niliowauliza mimi. Kwenye mkeka wetu niliwauliza watu wanaonipenda. Sikumuuliza hata mmoja aliyetoka katika shule ile akaingia katika kazi ile. Shangazi mwenyewe alikuwa anatunza wazee. Angejua wapi mambo ya banki?

Niliporudi nikaanza kuwaandikia waliotoka. Wengi walinyamaza. Mama mmoja wa Kamerun aliyekwisha kuingia katika kazi ile, hanijui, simjui, akanijibu kwa maswali. Waliomaliza mwaka jana wako wapi leo? Shule inakusainia karatasi za staji ya miezi sita? Na akanionya juu ya masta ya mwaka mmoja: banki zinapokea maombi mwezi ule ule unaofika, wakati wewe bado unatafuta njia ya kwenda darasani. Nikawauliza watatu waliotoka shule ya Paris. Wawili walikuwa katika kazi niliyoitaka. Nikaomba tena, nikakubaliwa tena.

Mkeka ukatandikwa mara ya pili. Mjomba akasema mutoto mwanamuke hawezi kulala kwa watu wasiojulikana. Wote wakamtazama baba. Baba akasema, "Mara ya kwanza tulimpa nyumba, akarudi bila kazi. Aende."

Sitawadanganya, Paris iliniliza. Ramadhani nilifuturu peke yangu chumbani. Banki zilinikataa mpaka nikazoea. Ya mwisho ikanipa staji, na staji ilipoisha ikaniambia nibaki.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama wa Kamerun, na motari wangu, ambaye hajui alinifundisha nini. Namshukuru shangazi, bado amekasirika kidogo kwamba nilimwacha, na ana haki, chumba alinipa kwa moyo safi. Ninyi mnaoondoka, ulizeni wanaotoka huko mnakokwenda. Wanaowapenda, waombeni dua tu.

Nina neno moja la mwisho. Juzi nimefika nyumbani, nimekuta mkeka umetandikwa. Mdogo wangu wa kike amekubaliwa shule mbili. Moja iko kusini, mbali na Paris, ndiko wanafundisha kilimo anachokitaka. Nyingine iko Paris, na kilimo hicho hawana. Wajomba wamekwisha kuamua ni Paris, maana mimi niko kule.

Baba, nakuona hapo mbele. Nyumba yangu iko wazi kwake kila vakansi, na sombe nitampikia. Lakini safari hii shangazi ni mimi. Nakuomba, usimlete kwangu.