Sanamu Tuliyoiacha Mezani

Jambo yenu, wamama. Najua upande ule mnangoja niseme Bwana asifiwe, na upande huu mnangoja Tumsifu Yesu Kristu, ili mjue kama mtanipigia makofi au mtaninunia. Leo mtanisamehe. Nimewasalimu kama tunavyosalimiana sokoni, maana haya nitakayosema yamenifukuza kwa pande zote mbili.

Mimi ni mtoto wa milimani, juu ya Lemera. Marehemu baba yangu alikuwa shemasi wa Kiprotestanti, na aliweza kukutajia ndugu za Yesu kwa majina kama anavyowataja wanawe. Nikaolewa bondeni, Luvungi, kwa Wakatoliki wanaosema Maria hakuzaa mtoto mwingine, na hao ndugu ni wa ukoo tu. Siku ya mahari, kaka yangu mhubiri na shemeji yangu kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaani, walibishana juu ya jambo hilo mpaka nyama ya mbuzi ikapoa kwenye sahani. Nilicheka siku ile. Sikujua nacheka nini.

Na mama mkwe hatukuanza vizuri. Yeye alisali rozari kwa sauti nikipika sombe, majani ya muhogo, nami nikaimba nyimbo za kwetu kwa sauti zaidi. Lakini nilipojifungua msichana wangu, ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto kila asubuhi. Kuanzia hapo tuligombana kama watu wanaopendana.

Sasa sikieni. Katika shirika la kule bondeni, sanamu ya Mama Maria inatembea nyumba kwa nyumba. Inakaa kwako, mnasali, kisha mnaisindikiza kwa jirani kwa nyimbo. Na kuna sharti: Mama hawezi kuachwa peke yake ndani ya nyumba. Lazima mtu akae naye. Ilipofika zamu yetu, mume wangu alikuwa bandarini Kalundu, Uvira, akipakua mizigo ya meli. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto na mama mkwe. Asubuhi hiyo risasi zikaanza kulia upande wa barabara, na watu wakaanza kupita mbio na magodoro kichwani.

Nilimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, nikamshika mama mkwe mkono. Akauchomoa.

"Weye beba mutoto, enda," aliniambia. "Minye miguu iko imevimba. Nabaki na Mama."

Nikamwambia nitambeba. Akanisukuma mlangoni. "Mugongo yako iko moja tu," alisema. "Enda."

Nilienda. Ndugu zangu, nawaambia, niligeuka mara moja tu, nikamwona amekaa kwenye mkeka kando ya ile meza, kama mtu anayengoja wageni. Halafu nikaingia kwenye msafara wa watu mpaka hapa Uvira.

Tulilala katika darasa la shule pamoja na wakimbizi wengine. Mume wangu alipotukuta, neno lake la kwanza lilikuwa, mama yuko wapi? Nikamweleza. Baadaye shemeji akafika na habari za bonde: nyumba imeungua, sanamu imekutwa vipande vipande, na mama haonekani, hai wala maiti. Akasema mbele ya watu kwamba mimi nilifurahi kuiacha, kwa kuwa kwetu tunamchukia Maria, na kwamba mama yao alikufa akifanya kazi niliyoikataa mimi.

"Muntu anadharau mama ya Bwana," alisema, "ataheshimu mama ya bwana yake?"

Mume wangu, mwanaume mwenye kifua cha kubeba magunia, aliinamisha kichwa. Hakusema kitu. Wakamchukua mtoto wangu, wakampeleka kwa shangazi yake hapa mjini, wakasema mtoto hawezi kulelewa na mwanamke wa namna hiyo. Nilipoenda kumwona, lango lilikuwa limefungwa. Nilimsikia akilia ndani. Hiyo sauti ninayo mpaka sasa.

Nikakimbilia kwa kaka yangu, yule mhubiri, ambaye naye anakaa hapa mjini. Alinipokea, naomba nisimnyime haki yake. Lakini Jumapili akanisimamisha mbele ya kanisa, akahubiri kwamba dada yake ameiacha sanamu kwa imani, na Mungu ameivunja, na yule mama mzee amekufa kwa sababu ya kinyago. Watu wakapiga makofi. Wakanipa nafasi niongeze neno. Nikasema sikuiacha kwa imani. Niliiacha kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni. Nikasema yule mama mzee ndiye aliyenikanda. Makofi yakaisha. Kabla ya wiki kwisha, wifi yangu akaniambia nyumba imekuwa ndogo.

Basi nikawa mfua nguo za watu ziwani. Wakatoliki waliniona muasi, Waprotestanti waliniona nusu Mkatoliki. Sikusali kwa mtu yeyote. Mchana mmoja niliacha nguo kwenye mawe, nikaingia majini mpaka kifuani, na sikuwa nakwenda kuoga. Mama mmoja niliyekuwa simjui akaniita kutoka ufukweni, akaniomba sabuni. Aliendelea kuniita mpaka nikarudi kumpa. Sijui alikuwa ameona nini. Alifua nayo nguo zake zote, na hakuacha kuzungumza mpaka jua likapungua.

Barabara ilipofunguka na simu zikaanza kushika tena, mwanamke mmoja wa kwetu milimani alishuka na maharagwe kuja sokoni, akanitafuta. Akaniambia mama yangu mzazi anasalimu, na kwamba mama mkwe wangu yuko kwake.

Wamama, nilikaa chini hapo hapo kwenye matope.

Vijana wa jirani walikuwa wamempakia kwenye baiskeli siku ile ile, wakapanda naye njia za milimani. Huko juu hakumjua mtu, isipokuwa jina la mama yangu. Wakamshusha kwenye nyumba ya marehemu baba yangu shemasi, akiwa na jeraha la risasi mguuni. Miezi yote ile yeye na mama yangu walilala mkeka mmoja, wakibishana juu ya Maria tangu kuamka. Mama yangu alinisimulia hivi: "Nilimuambia, Maria hakusikie. Akanijibu, basi weye sikia."

Mama mkwe aliposikia yaliyonipata, akataka ateremshwe. Walimteremsha kwa kipoyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa, kisha kwa lori mpaka Uvira. Mama yangu alikaa kando yake njia nzima. Mama mkwe akaomba apelekwe moja kwa moja kwa shangazi ya mtoto, na ukoo uitwe. Tulikuwa wote uani: shemeji, mume wangu, majirani wa shirika. Alikuwa amebaki mifupa. Akasema:

"Huyu, ni minye nilimutuma. Na Mama, ni minye nilimuacha ku meza. Vijana walisema watabeba kitu moja tu. Nikamuambia Mama: weye unajua kukimbia. Herode alitaka kuua mutoto yako, ukamubeba ukaenda Misri, haukurudia kitu mu nyumba. Sasa munaazibu huyu juu ya kitu yenye Mama Maria mwenyewe alifanya."

Shemeji alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Mama yangu akasema polepole kwamba hapo hata kwao Waprotestanti hakuna ubishi.

Wakaniletea mtoto wangu. Akajificha nyuma ya shangazi yake, akamwita yeye mama. Sitawadanganya: mpaka leo akiumia anamlilia shangazi kwanza. Na mume wangu tunaishi pamoja, tunakula pamoja, lakini ile siku aliyonyamaza bado iko kati yetu.

Mama mkwe hakumaliza masika. Ule mguu ulimuua. Mama yangu Mprotestanti ndiye aliyemwosha. Matangani Wakatoliki walisali rozari upande huu, Waprotestanti waliimba upande ule, kwa wakati mmoja, na kwa kweli hatukuelewana hata neno. Kaka yangu hakuja.

Ninawashukuru wale vijana wa baiskeli. Ninamshukuru yule mama wa sabuni, kama yumo humu ndani. Ninamshukuru mama yangu, aliyeendelea kubishana na mgonjwa huku akimlisha uji. Na ninawashukuru ninyi wa mkutano huu, ambao hamkuniuliza ninasali wapi kabla ya kuniketisha.

Ubishi wenu juu ya Maria siwezi kuumaliza. Baba yangu hakuweza, shemeji hakuweza. Ninachojua ni kwamba alikimbia na mtoto, na kule Misri kuna mtu aliyemfungulia mlango. Hakuna anayejua jina la mtu huyo, wala alikuwa wa dini gani. Kesho wengine watateremka tena na watoto mgongoni. Fungueni.