Mwisho wa Benchi Hapakaliwi

Sogea karibu, na huo mlango urudishe kidogo. Kabla sijafungua mdomo wangu, apa. Siyo kuapa kwa kichwa, kichwa hutikisika hata kwa usingizi. Sema kwa sauti: shangazi, nikilitoa hili nje, chakula changu kisikolee chumvi mpaka naingia kaburini. Haya, umeapa. Usije ukasema nilikulazimisha.

Unalijua lile benchi la nje kwa kinyozi, la mbao, lenye mguu mmoja uliotegeshewa tofali? Limekaa katikati, huku ukuta wa duka la dawa, huku mlango wa kinyozi, na nyuma ya kiti cha kunyolea kuna chumba kidogo chenye pazia. Hapo watatu hawakosekani. Yupo Kinyozi mwenyewe, anayenyoa kichwa kimoja kwa maneno elfu. Yupo Birika, muuza kahawa, na hilo jina kalipewa kwa tumbo, siyo kwa kazi. Na yupo Wakili, ambaye sheria hajaisoma hata ukurasa. Aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mbuzi, akasimama mbele ya hakimu dakika tano, akatoka na jina la maisha. Wote hao walianza darasa la kwanza pamoja na mtoto wa kaka yangu, yule anayetengeneza mizani za maduka. Wa nne wao ndiye yeye. Wanamwita Mizani.

Sasa huyu Mizani, ana miaka arobaini na moja, siku moja yuko duka la dawa anafungua mizani yao, redio inasema. Mama mmoja anaeleza maisha yake, kwamba kaambiwa ukubwani ana usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo ya kuisikia dunia kwa namna yake, na toka hapo ndiyo kaanza kujielewa. Mwanangu akabaki na bisibisi hewani. Ilikuwa kama mtu kaingia chumbani kwake anavitaja vitu vyake kimoja kimoja. Akaenda kwa daktari. Daktari yule kamtazama robo saa, akamwambia: una kazi, una mke, macho yangu unayatazama, hayo mambo ni ya watoto, nenda kapumzike. Kumbe macho hakuyatazama. Alitazama nyusi. Alijifundisha hivyo toka darasa la tatu, alipochapwa kwa kumtazama mwalimu mabega. Alirudi nyumbani akalala siku tatu kaupa uso ukuta, mkewe anabadilisha sahani tu.

Baada ya miezi michache akasikia kuna daktari mwingine, mwanamama, yeye haangalii robo saa. Huyo alimwambia neno moja: mimi sitafuti ulipoharibika, natafuta ulivyo. Akampa fomu ijazwe na watu waliomjua kabla hajafika miaka kumi na miwili. Sasa nani? Wifi yangu, mama yake, hayupo tena duniani, kaka yangu naye hayupo, na mimi wakati huo nimeolewa mbali, nilikuwa namwona kwenye misiba tu, na msibani nani anamtazama mtoto? Wamebaki watatu wale.

Akawapelekea fomu mchana. Miadi ni kesho yake saa tatu asubuhi. Akawaambia: jazeni mnavyonijua, mimi nakaa chumba cha ndani, sitaingilia neno. Na yule akisema haingilii, haingilii, hata nyumba iungue. Akaenda kukaa nyuma ya pazia. Wale wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa wale watatu unausikia mpaka stendi.

Birika — Sasa mtu ana miaka arobaini na moja, daktari utoto wake anautakia nini? Utoto siyo kuku, umrudishe bandani.

Kinyozi — Ndivyo fomu inavyotaka. Kalamu ninayo. Tuanze.

Wakili — Ngoja. Nyie ofisi hamzijui. Hii ni karatasi ya ushahidi. Mtu akienda mbele ya mkubwa, wenzake wanaulizwa: mtu huyu vipi? Ni kama posa. Ukienda kumposea ndugu yako utasema anakoroma?

Kinyozi — Sisemi.

Wakili — Unasema anaamka alfajiri. Basi na hapa ndiyo hivyo hivyo.

Birika — Mimi nasikia wanatafuta vichwa. Watu wanaojua uzito kwa macho. Kuna nchi wamechoka na mashine zao.

Kinyozi — Wampeleke wakamfanye nini?

Birika — Anakalishwa kiti cha kuzunguka, mzigo unapita, yeye anataja kilo. Mshahara unafika mpaka kwa wajukuu. Na sisi tuliojaza tunapewa za kupangusia jasho.

Wakili — Mnaona? Ndiyo maana nasema tumpambe. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, kwa hiyo tufiche vizuri.

Mimi nilipohadithiwa hapo nilicheka mpaka kilemba kikaanguka. Lakini sikia. Kinyozi akasoma swali la kwanza: alipokuwa mdogo alicheza vipi na wenzake?

Kinyozi — Hilo nalijua. Alikuwa anapanga vizibo vya soda barazani kwao, vizito huku, vyepesi kule. Vizibo vyote ni sawa, yeye anasema siyo. Na ile siku tulipomweka golini, akatupa mgongo akawa anahesabu matundu ya wavu.

Birika — Tulifungwa saba.

Kinyozi — Nane. Yeye mwenyewe ndiye aliyetukumbusha la nane.

Wakili — Hayo usiandike. Andika: alikuwa nahodha.

Kinyozi — Nahodha wa nini?

Wakili — Nahodha ni nahodha. Nani anauliza wa nini?

Kinyozi akaandika. Nahodha. La pili: kulikuwa na nguo, sauti au mwanga uliomsumbua?

Kinyozi — Lebo. Lebo za shingoni alizikata zote. Sare mpya akiletewa anaivaa ndani nje, mishono isimguse.

Birika — Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga walishajaza hiyo fomu zamani.

Wakili — Wahenga hawana miadi kesho. Andika: kila nguo ilimpendeza.

Birika — Ongeza na kwaya. Aliimba.

Kinyozi — Birika, kwenye kwaya alikuwa anaziba masikio.

Birika — Anaziba ili asikie sauti yake. Waimbaji wakubwa wote wanafanya hivyo.

La tatu: mambo yakibadilika ghafla alikuwaje? Kinyozi akasema ile siku walipochimba mtaro kwenye njia ya shule, Mizani alisimama pale ukingoni mpaka jua la saa sita. Hakulia. Alisimama tu na mkoba wake. Ndiyo wifi yangu akaja, hakumpiga wala hakumvuta, akampitisha njia mpya mara mbili, kwenda na kurudi, wanahesabu hatua. Mara ya tatu akaenda mwenyewe.

Birika akafuta pua. Wakili naye akakohoa.

Wakili — Andika: alikuwa kiongozi wa misafara.

Na hapo mwanangu yuko nyuma ya pazia, kaikalia mikono yake yote miwili. Anasikia kila neno. Kila sifa wanayomwandikia inamrudisha kwa yule daktari wa robo saa. Nahodha, mwimbaji, mpendezwa na kila nguo, kiongozi wa misafara: nani atamwambia mtu huyo ana usonji? Kesho ataonekana mwongo, na kule kulala kaupa uso ukuta kutaanza upya, safari hii pengine asiamke siku ya nne. Anataka kutoka aseme wenzangu mnaniua kwa mapenzi. Lakini alishasema haingilii.

Swali la mwisho likasomwa: je, ninyi mlio karibu naye, kuna mnachokifanya tofauti kwa ajili yake?

Wakili — Huo mtego. Wanataka kujua kama tunambeba. Mwanamume mzima, ana mke, ana mafundi wawili chini yake. Andika: hakuna.

Kinyozi akaandika Hakuna, akapiga na mstari chini yake.

Wino haujakauka, akaja mama mmoja mgeni, kahamia mtaa wiki ile, kabeba kikapu, kaja kuuliza kama Kinyozi ananyoa na wanawake. Kinyozi akamwambia ananyoa mwenye kichwa chochote, akae kidogo amalize kazi ya serikali. Yule mama akaona mwisho wa benchi, upande wa ukuta, pako wazi. Akashusha kikapu akae.

Wote watatu wakasimama kama wameumwa na siafu.

Kinyozi — Hapo hapana, dada.

Birika — Hapo hapakaliwi.

Wakili — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mgeni — Pamevunjika?

Kinyozi — Hapajavunjika. Ni pa Mizani.

Mgeni — Mizani gani? Sioni mizani.

Birika — Mtu. Kainuka tu kwa muda. Yeye hukaa hapo, ukuta ubavuni, asiwe na watu pande zote mbili.

Mgeni — Aha. Naye aliwaomba?

Kinyozi — Hajawahi kuomba kitu.

Mgeni akakaa juu ya tofali la akiba. Birika akamtilia kahawa, akachukua kijiko chake agonge chupa, ile ngo ngo ngo anayoitia wateja, halafu akatupa jicho kwenye pazia, akakirudisha mfukoni.

Mgeni — Mbona umeghairi?

Birika — Yuko ndani. Hapendi mlio.

Mgeni — Na redio yako, kinyozi, ina kitambaa juu.

Kinyozi — Huzimwa saa ya kahawa. Akiondoka tunafungua. Na siku nikiwa sifungui namwambia jana yake. Nyie wengine mnajionea kufuli wenyewe.

Birika — Na Wakili akitaka kumtania yeye, huanza na kusema, nakutania sasa. Sisi anatupiga na utani bila hodi.

Wakili — Asije akaumia bure. Ulimi hauna mfupa, dada.

Mgeni — Hayo yote nani aliwafundisha?

Kinyozi alimtazama Birika, Birika akamtazama Wakili, na Wakili, mtu aliyemjibu hakimu kesi ya mbuzi bila kumeza mate, alitazama viatu vyake.

Mgeni — Mlianza lini?

Hakuna anayejua. Miaka kumi, ishirini, toka darasani, nani aliandika tarehe? Yule mama akanywa kahawa yake. Akachungulia ile karatasi magotini kwa Kinyozi.

Mgeni — Na hapo chini wanauliza nini?

Kinyozi akaanza kulisoma swali la mwisho kwa sauti, akafika "kwa ajili yake," akaona neno lake mwenyewe, Hakuna, lenye mstari. Akalifunika kwa kidole gumba.

Birika — Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hiyo ndiyo methali ya kwanza Birika kuipatia maishani mwake, na wamekubali wote.

Kinyozi — Wakili, huyu mtu hajatutuma posa. Katuambia tujaze tunavyomjua.

Wakili — Nipe kalamu.

Kinyozi — Ya nini?

Wakili — Nahodha nimemleta mimi. Nitamfuta mimi.

Wakafuta. Karatasi ikawa kama shamba lililopitiwa na mbuzi wa Wakili. Wakaandika upya nyuma, vizibo, magoli manane, lebo, mtaro na hatua za mama yake. Swali la mwisho likala nusu ukurasa, mpaka kijiko cha Birika kimo. Wakaweka sahihi tatu, na Wakili akachora mhuri kwa kalamu, eti isikataliwe. Kahawa ilikuwa imeisha zamani, hakuna aliyeona.

Ndipo pazia likafunguka. Mizani akatoka, akapita katikati yao, akaenda kukaa mwisho wa benchi, ukuta ubavuni. Halafu akasema:

— Mlikosea moja. Vizibo vilikuwa vizito huku, vyepesi kule, lakini vya chungwa nilivitenga.

Wakili — Nakutania sasa. Kwa hilo tutakupeleka mahakamani.

Mizani akacheka. Anacheka kwa mabega yule, sauti haitoki.

Kesho yake daktari aliisoma ile ya mbele iliyofutwa, na ya nyuma, akarudia nyuma mara mbili. Vikao vikawa vitatu, kila kimoja saa nzima na zaidi, taa kubwa ya juu imezimwa kwa sababu alimuuliza kwanza kama inamsumbua. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari za taa, toka azaliwe. Mwisho akamwambia: ndiyo, una usonji, na umekuwa nao toka siku ya kwanza. Halafu akagusa ile karatasi, akasema, na una watu. Mizani alikaa anaitazama. Kumbe alidhani kila benchi duniani lina mwisho usiokaliwa. Alidhani wauza kahawa wote huacha kugonga. Hakujua kuwa ni watu waliokuwa wanalishika lile tulizo kwa mikono yao, siku kwa siku, bila kumdai hata asante. Akatoka pale akaenda moja kwa moja kijiweni kuwapa asante. Wakamwambia anywe kahawa aache kuwaliza.

Na mimi namshukuru Mungu, na wifi yangu na hatua zake, na Birika na tumbo lake lote.

Unauliza nimeyajuaje na sikuwepo? Aliyenihadithia ni mwenyewe Mizani. Jana alikuja kwangu, akakaa kona ile ya mkeka, akanieleza mizani aina saba, kisha haya yote neno kwa neno. Nikamuuliza, mwanangu, mbona siri nzito hivi unanipa mimi, na mdomo wangu unaujua? Akanitazama nyusi, akasema: shangazi, nataka watu wajue, na sina nguvu ya kumwambia mmoja mmoja.

Wewe ni wa kumi na moja kuapa toka asubuhi.