Vioo Kumi na Kimoja Kwenye Kabati la Chai

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mtunza vioo wetu anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye vyeti wanalijua watu wa mishahara. Sisi wengine hapa kituoni tunamwita Mama Vioo, na ndilo analoitikia.

Aliajiriwa kama mfagizi, enzi ambazo darubini yetu ilipiga picha za nyota kwenye vipande vya kioo. Siku yake ya tatu kazini alimkuta fundi akifuta kioo kwa shati, akampokonya. Tangu hapo vioo vikawa vyake: kuviosha, kuvikausha, kuvipanga, na baadaye kuvipima.

Aliyoipenda ni galaksi moja tu, ile yenye mikono iliyojipinda kama maji yanayozunguka yakiingia kwenye tundu la sinki. Kila picha yake aliilaza juu ya meza yenye taa, akalinganisha mng'ao wa kiini chake na nyota tatu za jirani, alizozipa majina ya Shangazi, Mjomba na Wifi. Majina yakatukaa sote mdomoni. Ikafika siku ripoti rasmi ikaenda ng'ambo ikisema kiini kimempita Mjomba na sasa kinamnyemelea Shangazi. Wataalamu wa huko wakaandika kuuliza Shangazi ni nani. Mama Vioo alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwaka wake wa kumi na tatu haukuwa wa kucheka. Kiini kilionekana kung'aa kupita kiasi kwenye vioo kumi na kimoja mfululizo, na mkuu wa vipimo akasema vimeharibika kwa uzembe wa kuosha. Mama Vioo akashikilia kwamba Shangazi na wenzake wametoka sawasawa. Sasa uzembe gani huo unaochagua pa kuharibu? Hakusikilizwa. Aliamriwa avivunje, barua ya onyo ikaingia kwenye jalada lake, na zamu yake ya kupandishwa cheo ikampita. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Vioo hakuvivunja. Alivifunga kwa taulo, akavificha kwenye kabati la chai ndani ya boksi aliloandika "Vikombe vyenye ufa". Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeligusa.

Ndipo darubini mpya zikaonyesha kwamba katikati ya galaksi ile kuna shimo jeusi kubwa mno, na halijalala: gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hupata joto na kuwaka, safari nyingine kidogo, safari nyingine vibaya sana. Wataalamu wakatafuta mwenye picha za zamani za kiini kikiwaka hivyo. Mama Vioo aliinuka, akasogeza kopo la sukari, akatoa boksi. Vyote kumi na kimoja, safi kabisa. Alimtazama mkuu wa vipimo kidogo, kisha akauliza nani anataka chai.

Mkuu huyo wa vipimo ni mimi. Miaka tisa tangu siku ile nimekunywa chai yake kila asubuhi nikiona haya kuomba radhi. Juzi nimeitoa barua ya onyo jaladani, na mahali pake nimeweka ukurasa huu.

Mama Vioo, uliosha vizuri. Nilikosea mimi, nisamehe. Ahsante kwa miaka yote uliyotuvumilia. Tunakuombea mapumziko mema na afya tele, na kwenye hafla yako chai nitamimina mimi.