Miguu ya Bi Tsonka

Basi la umeme likipanda kilima cha mji wa Varna, Bi Tsonka alimsimulia mwanamke aliyeketi naye jinsi miguu yake ilivyokufa ganzi, hata paka akazaa juu ya miguu hiyo asijue.

"Nikadhani wifi kanitupia kijicho! Kumbe vidonge vyangu vya kisukari vinapunguza vitamini B12 inayolinda mishipa ya fahamu, nayo hutoka kwenye nyama na mayai, na mfungo wa Pasaka sigusi nyama wala yai. Daktari akanichoma sindano za vitamini hiyo, Mungu ampe maisha marefu. Sasa nasikia hata punje ya mchanga kiatuni."

"Basi vitupe hivyo vidonge, shoga!"

"Sukari iniue? Daktari kasema niendelee navyo, nile na maini."

"Maini mfungoni? Dhambi!"

"Nitaitubu kanisani, tena nimesimama kwa miguu yangu!"

Basi likasimama. Bi Tsonka akashuka bila kushika chuma cha mlangoni, mwenzake akimkemea dirishani kuhusu yale maini.